Nusu ya Neno

Haya alinieleza bibi wa mtoto mwenyewe, siku tulipokaa pamoja kwenye benchi la kliniki ya macho. Shule zilikuwa zimefungwa majuma machache tu nyuma. Daktari alikuwa amekwenda kunywa chai, na chai ya daktari mnaijua, haina kikombe cha mwisho. Kwa hiyo bibi alikuwa na muda wa kusema, nami nilikuwa na muda wa kusikiliza.

Nyumba yao ina vyumba viwili na baraza. Barazani hukaa mwanawe, fundi viatu, na sindano yake, gundi yake na rundo la viatu vya watu. Mkewe hufanya kazi kwa dobi; kutwa nzima anapiga pasi mashati ya wenye ofisi, akirudi jioni mikono inanuka mvuke. Wana watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa darasa la pili, na mdogo wake yuko darasa la kwanza. Huyo mkubwa wanamwita Chiriku. Alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza anatambaa, alikuwa haishi maneno, anaongea na kuku, anaongea na ukuta, baba yake akasema huyu ni chiriku. Baadaye maneno yakaanza kumkwama kooni. Jina lilikuwa limeshapita, likabaki.

Kigugumizi chake hakikuwa cha mzaha. Neno lilikuwa linafika mlangoni na kugoma kutoka, mtoto anafumba macho, shingo inakaza, mpaka anayemtazama naye anajikuta amebana pumzi. Ndiyo maana watu wa nyumba ile, kwa kumpenda, walikuwa wanamsaidia. Akianza, "Mama, naomba ma—", mama yake amekwishamjibu, "Maji? Nenda mtungini, mwanangu." Siku nyingine hakutaka maji. Alitaka mafuta ya kupaka. Lakini alikuwa anakwenda mtungini, anakunywa maji, yanakwisha.

Shuleni walimwita Redio Mbovu.

*

Mwalimu Mkuu aliwaita wazazi siku ya Alhamisi. Mama aliomba ruhusa kwa dobi, na dobi akampa kama mtu anayetoa jino. Baba alifunga baraza. Wakaketi kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakiwagusa kidevu, mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu huyo si mtu mbaya. Amefundisha miaka mingi, na kama walimu wengi wa zamani ana desturi ya kutoa nusu ya neno na kuwaachia wanafunzi nusu iliyobaki. "Hii ni me—?" Na darasa zima linaitikia, "Za!" Kwa sababu amefanya hivyo maisha yake yote, siku hizi anawafanyia hata watu wazima. Sokoni wauza mboga wanamtania, akiuliza bei wanamjibu kwa pamoja kama darasa.

"Wazazi wangu," alisema, "nimewaita kwa sababu ya mtoto wenu. Mtoto huyu ni mpole, ni msafi, lakini hawezi ku—?"

Wazazi wakatazamana.

"Ku—?" alirudia Mwalimu Mkuu na kunyoosha shingo.

"Kusoma," alisema baba kwa sauti ya chini.

"Eeeh. Nikimsimamisha mbele ya wenzake, hatoi hata silabi. Kwa hiyo mwaka ujao hawezi kwenda darasa la—?"

"La tatu," alisema mama.

"Safi. Itabidi arudie darasa la—?"

Nje watoto walikuwa wanafagia uwanja. Mama alikuwa anafikiria benchi la darasa la pili, Chiriku ameketi huku, na mdogo wake, ambaye Chiriku mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu, ameketi pembeni yake.

"La pili," alisema mwisho.

Hukumu ile wakawa wameitamka wao wenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa nusu tu.

Ndipo mwalimu wa darasa, binti mmoja aliyehamia shuleni mwaka ule, watoto wanamwita Mwalimu Mpya, akasema kutoka mlangoni, "Samahani, mkuu. Mtoto huyu anasoma. Mimi nimemsikia."

"Umemsikia wapi?"

"Kwenye tabuleti."

Mwanzo wa mwaka shule ilikuwa imeletewa sanduku la tabuleti, vile vioo vya kushika mkononi, watoto wanne kwa kioo kimoja. Ndani yake mna hadithi, na mtoto akisoma kwa sauti kioo kinaihifadhi sauti yake, mwalimu aisikilize baadaye. Mwalimu Mpya alivibadilisha vyote vizungumze Kiswahili, ili watoto wasiogope. Siku moja akakuta kimoja hakipo kabatini. Alikitafuta mpaka stoo ya mipira, akamkuta Chiriku amekaa juu ya gunia la nyavu, kioo mapajani, anasoma. Alikwama, akakwamuka, akaendelea. Mwalimu Mpya akarudi kwa ncha za vidole, na tangu siku hiyo akawa anasahau kufunga stoo.

"Amesoma hadithi ngapi huko?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Karibu zote. Imebaki ile ndefu, ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto."

Mwalimu Mkuu alikuna ndevu. "Mimi naandika nilichosikia kwa masikio yangu, na sasa hivi nina kikao. Basi mpe aende nacho nyumbani, amalize huyo mbuzi. Jumatatu tukutane hapa hapa tusikilize. Akisikika, nitasema mbele yenu kwamba nimeko—?"

"Sea," waliitikia wazazi wote wawili, kwa mara ya kwanza kwa moyo.

*

Ijumaa Chiriku alikibeba kioo kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Bibi alikuwa uani anachambua majani ya mboga.

"Ni nini hicho, mke mwenzangu?"

"Ta—"

"Ni tabuleti, mama," alijibu baba kutoka barazani. "Ya shule."

Bibi akaacha mboga. "Tabuleti? Mtoto anaumwa nini? Mbona hamkuniambia?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Si ya kumeza, mama. Hii ni ya kusomea."

"Sasa mimi nitajuaje? Kila nikienda zahanati wananiambia tabuleti mbili asubuhi, mbili jioni. Hiyo mtu akimeza si atapasuka?"

Baba hakucheka. Alikuwa ameletewa na mtoto karatasi ya shule inayosema mzazi ndiye atakayejibu kikiharibika, na alikuwa akikitazama kile kioo kama nyoka aliyeingia ndani kwa adabu. "Sikilizeni wote. Asikiguse mtu isipokuwa mwenyewe. Akimaliza kusoma kinapanda juu ya kabati." Akatafuta cha kukifunikia, asipate kitu ila mfuko mtupu wa unga. Akaukung'uta mara mbili, akakitumbukiza humo.

Jumamosi Chiriku alijifungia nyuma ya pazia la chumba cha bibi. Bibi alilala kitandani akijifanya amesinzia. Alisikia sauti asiyoijua vizuri, ndogo, inasimama, inakwenda. Ilisimama mahali pamoja muda mrefu hata bibi akafungua mdomo ampe neno. Halafu akakumbuka kwamba amelala.

Mtoto alipomaliza, bibi akafumbua macho. "Mwenzangu, sisi watu wako tumekosa nini? Mbona unakisomea kioo, hutusomei sisi?"

Chiriku alifikiri. "Bibi, hi-hiki ha—"

"Hakichoki?"

Mtoto akatikisa kichwa. "Ha-ki-ni-ma—, ha-ki-ni-ma-li—"

"Aa, hakimalizi chaji! Basi kizuri. Simu ya baba yako ina chaji ya kuombea dua."

Chiriku alimtazama bibi yake. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kama alivyozoea kunywa maji.

*

Jumapili mchana wingu lilikuja ghafla. Chiriku alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sehemu ya mwisho ya mbuzi, ameketi kitandani kwa bibi, kioo bado kinawaka na orodha ya sauti zake zote imepangika humo. Mama akaita kutoka uani: "Chiriku! Nguo za watu! Mvua!" Zilikuwa nguo za dobi, mama alizileta nyumbani ili afidie ile asubuhi ya Alhamisi. Mtoto akakiacha kioo palepale, akatoka mbio.

Bibi akaingia kutafuta shali yake. Akakiona. Unga wa ule mfuko ulikuwa umekitapakaa, mweupe pembeni, na katikati vidole vya mtoto vimechora njia. Moyo ukamwuma. Kitu cha shule, cha watu, kurudishwa kesho mbele ya Mwalimu Mkuu kikiwa na sura ile? Wangesema nyumba hii haina mwanamke.

Aliketi, akakipakata, akashika upindo wa shali na kuanza kukifuta, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kioo kikashtuka. Kikaonyesha vialama, kikabadilisha rangi, mwisho kikamtolea maandishi.

Sasa bibi huyu alisoma kidogo, darasa la jioni la watu wazima, na kusoma kwake anakuonea fahari kama wengine wanavyoonea fahari dhahabu. Akakisogeza kioo mbali, akakileta karibu. Fu-ta. Futa. Zo-te. Futa zote?

Akatabasamu. Kumbe kina adabu hiki! Kimeona anafuta, kinamwuliza kama afute taka zote au asaze. Chini yake palikuwa na majibu mawili: Hapana, na Ndiyo.

"Ndiyo, baba," alikijibu. "Nafuta zote. Mimi si mtu wa kazi nusu." Na kwa kuwa aliona kinangoja, akaweka kidole juu ya Ndiyo.

Kikang'aa. Kikawa cheupe, safi, hakina kitu. Bibi akakizungusha mwangani, akaridhika, akakirudisha mwenyewe kwenye mfuko, safari hii akiwa amekivisha kitambaa kwanza.

*

Jumatatu mama aliomba ruhusa tena, na dobi safari hii hakujibu, alimwonyesha mlango tu. Walikaa kwenye viti vile vile. Chiriku alisimama kati yao amepakwa mafuta mpaka magotini.

Mwalimu Mpya alikiwasha kioo. Akagusa. Akagusa tena. Akakunja uso.

"Vipi?" alisema Mwalimu Mkuu.

"Zilikuwa hapa."

"Nini?"

"Sauti zake. Zilikuwa hapa, mkuu. Nilitaka kuzihamisha leo." Akamgeukia mtoto. "Chiriku, mbuzi yuko wapi?"

Chiriku alifungua mdomo. Shingo ilikaza. Hakuna kilichotoka. Mwalimu Mkuu alingoja kama anavyongoja darasa, nyusi juu, kisha akashusha pumzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililowauma zaidi.

"Mwalimu, nakuelewa," alimwambia binti yule. "Na mimi nilipoanza kazi niliwaonea huruma nikasikia visivyosemwa. Wazazi, msije mkamchapa mtoto. Si kosa la mtoto, ni uwezo wake m—?"

Hakuna aliyeitikia.

"Mdogo," alisema mwenyewe, akavuta karatasi zake. "Jumatano ninapeleka majina."

Njiani mama alitembea mbele. Nyuma yake watoto wa darasa la nne, waliokuwa dirishani muda wote, walikuwa wanapiga miluzi ya redio isiyoshika stesheni.

*

Jioni baba hakushona. Alimweka Chiriku mbele yake barazani, kati ya viatu vya watu.

"Nieleze. Ulisoma, au ulikuwa unatudanganya?"

"Ni-ni—"

"Ulisoma. Haya, zimekwenda wapi? Ulibonyeza nini?"

"Mi-mi si—"

"Mimi sijui. Hilo nalijua, kila mtu hajui."

"Mi-mi si—"

"Mimi siwezi kusoma!" alisema baba, na sauti ikampanda. "Si ndivyo? Sema basi tujue moja!"

Mtoto akafunga mdomo. Safari hii hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Akaingia ndani, akajifunika shuka gubigubi, jua bado liko juu ya paa.

Bibi alikuwa ametoka kwa jirani, akaikuta nyumba kama ya msiba. "Kuna nini?"

"Sauti za mtoto, mama," alisema mama wa mtoto. "Zile alizosoma. Zimefutwa."

"Zimefutwa?"

"Zote."

Neno lile lilikuwa linamzunguka bibi kichwani linatafuta mahali pa kutua. "Kufuta nilifuta mimi," alisema taratibu. "Lakini mimi nilifuta unga. Nacho kiliniuliza, vizuri kabisa. Futa zote? Nikakiitikia."

Baba akageuka. Mama akaketi juu ya kapu la nguo za kupiga pasi.

"Mama," alisema mama wa mtoto, "kile kilikuwa kinauliza sauti."

"Mimi nilijua taka."

Mdogo wake Chiriku aliyekuwa mlangoni akaanza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Baba alishika kichwa. Alitaka kusema kitu kikubwa, lakini mama ni mama, na mtu hamgombezi mama yake kwa sababu amefanya usafi. Akasema tu, "Ungeniuliza, mama."

"Ningekuuliza nini, mwanangu? Kiliandika Kiswahili. Nilikisoma." Na hapo sauti yake ilivunjika kidogo, kwa sababu ile fahari yake ya kusoma ndiyo iliyomponza.

Aliingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Shuka haikutingishika.

"Mke mwenzangu, ni mimi niliyezifuta. Wewe huna kosa hata la kidole."

Shuka ikashuka, yakaonekana macho.

"Na baba yako, namjua, hukupata kumwambia yote. Ulitaka kusema nini?"

"Mi-mi si—"

Neno lilimjia bibi mdomoni. Siku zote linamjia. Safari hii akaliuma. Jikoni mama aliita chakula, bibi akanyoosha mkono bila kugeuka, subiri. Mtoto alifumba macho. Mlango wa jirani ulifunguliwa ukafungwa. Bibi alikuwa anatazama tundu la shuka na kufikiria namna ya kulishona.

"—sikufuta," alisema Chiriku.

"Ahaa. Hukufuta. Kweli hukufuta." Wakakaa. "Na juzi, nilipokuuliza kuhusu kile kioo. Si chaji, au siyo?"

Mtoto akatikisa kichwa. Ilichukua muda mrefu kuliko lile la kwanza. "Ha-ki-ni-ma-li-zi-i."

Bibi alilirudia neno lile peke yake, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. Hakinimalizii. Akawakumbuka wote, mama na maji yake, baba barazani, yeye mwenyewe na chaji. Watu wazima watatu nyumba nzima, na aliyejua kumngoja mtoto ni kioo cha serikali.

"Kesho," alisema, "mimi nawe tunakwenda shule."

*

Jumanne asubuhi Mwalimu Mkuu alimkaribisha bibi kiti kikubwa, chake mwenyewe. Mwalimu Mpya alikuwa dirishani anahesabu chaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu sana. Umekuja kwa ajili ya—?"

Bibi akamtazama. Hakupata kusoma shule ya mchana maishani mwake; kule darasa la jioni mwalimu hakuthubutu kuwakatia watu wazima maneno. Akaona mtu amekwama katikati ya sentensi, akangoja, kama alivyojifunza jana.

Mwalimu Mkuu naye alikuwa anangoja.

"Kwa ajili ya—?" alirudia.

Bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kumtia moyo.

"Kwa ajili ya mjukuu," alisema Mwalimu Mkuu mwisho, na akakohoa. "Ndiyo. Nimesikia habari za nyumbani, binti yangu hapa kaniambia ulivyomweleza pale mlangoni. Sasa mama, vifaa hivi ni mali ya—?"

Saa ya ukutani ilisikika.

"Mtu asiyejua hapaswi kuvi—?"

Bibi alisogeza kiti mbele, akamwekea mkono juu ya mkono. "Pole, baba. Kumbe na wewe unacho. Usijali, sema polepole, mimi leo sina haraka."

Mwalimu Mpya aligeukia dirishani, mabega yakamtetemeka.

"Mimi?" Mwalimu Mkuu alisimama. "Mama, mimi sina kigugumizi! Mimi ni mwalimu! Miaka yangu yote hii nafundi—?"

"Sha," alisema Chiriku.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi, na hata yeye alionekana ameshtuka. Darasani huitikia na wenzake kila siku, lakini katika sauti ya watoto hamsini nani ajue nani kaitika? Hapa alikuwa peke yake. Alikuwa ameona mtu amekwama, amemwonea huruma, akammalizia. Si ndivyo alivyolelewa?

Mwalimu Mkuu aliketi. Safari hii kwenye kiti cha mwanafunzi, maana chake kilikuwa na mtu.

"Umesema nini?"

Mtoto akashikilia mgongo wa kiti.

"Mpe hadithi," alisema bibi. "Ya mbuzi. Halafu sisi wote tunyamaze. Na wewe, mwanangu, unyamaze kuliko wote."

Mwalimu Mpya akakiwasha kioo, akakiweka mezani. Chiriku akakisogelea, macho yamekitazama chenyewe, hayamtazami mtu. Akaanza. "Ha-hapo zamani pa-palikuwa na m—"

Palikuwa na m. Palikuwa na m. Mwalimu Mkuu alijua ni mbuzi, mimi najua, nanyi mnajua. Alifungua mdomo, ikatoka "Mbu—"

"Aa-aa," alisema bibi.

Akajiziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima yule, na akabaki hivyo. Kengele ya mapumziko ililia, uwanja ukajaa kelele, mtu akagonga mlango akaondoka. Mbuzi akatoka. Akafika mtoni, akakataa kuvuka, wenzake wakamvuta mkia. Kuna mahali Chiriku alirudi nyuma mstari mzima ili apate mbio za kuruka neno, akaliruka. Kengele ya kurudi madarasani ilipolia, hadithi ilikuwa imekwisha.

Mwalimu Mkuu aliondoa kiganja. Mashavu yalikuwa na alama za vidole. "Kwa nini mbuzi alikataa kuvuka?" aliuliza, akafunga mdomo haraka.

"A-aliona ki-kivuli chake ndani ya maji. Aka-akadhani mwenzake a-anazama."

Mwalimu Mkuu alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa. Akavuta karatasi ya majina, akatafuta kalamu. Hakuandika mara moja.

"Mama, nikuambie ukweli. Mtihani wa kumaliza shule hauna mtu wa kumngoja. Una saa ukutani tu."

"Ni wa mwaka ujao?"

"Si wa mwaka ujao."

"Basi mwaka huo ukifika tutauomba ungoje. Leo tumekuomba wewe."

Alikata mstari, akaandika juu yake. "Nimekosea," alisema, na neno lile alilitoa zima. "Atakwenda darasa la—" Akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameshatulia kumngoja. "La tatu."

*

Jioni ile kioo kilikuwa kimerudi kabatini kwake shuleni. Nyumbani hapakuwa na kitabu. Baba, ambaye tangu mchana alikuwa anazunguka neno lake kama kuku anayetafuta pa kutagia, alimwita Chiriku barazani. "Jana nilikumalizia vibaya," alisema. "Ulikuwa unasema nini?" Akaambiwa, na akangoja mpaka mwisho, sindano mkononi. Kisha akachomoa gazeti kuukuu alilokuwa amelijaza ndani ya buti la mtu, akalikunjua gotini.

"Tusomee na sisi."

Waliketi mkekani wote, taa katikati. Gazeti lilikuwa la masika yaliyopita. "Wa-wakazi wa ma-mabondeni," alisoma Chiriku, "wana-wa-na-ta—"

Neno lilikuwa refu kama treni. Mama, aliyekuwa amefidia ruhusa zake kwa kupiga pasi bila kukaa, alijua linakwenda wapi, akajiuma ulimi. Baba akatazama dari. Majirani walikuwa bado hawajafunga milango.

"Wanata—"

Mdogo wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Mama alimlaza mapajani, akaegemea ukuta kidogo tu, macho yakamfunga. Baba alijikaza. Alikuwa amekula yamini hatasema, na mtu aliyeshona viatu kutwa, ukimnyima kusema, unamnyima cha kumweka macho. Akakoroma na sindano mkononi. Bibi alibaki. Aliitikia kwa kichwa kumtia moyo mjukuu wake, akaitikia tena, na tena, kila mara kidevu kikishuka zaidi, mpaka kikatua kifuani, kikatulia.

"—hadharishwa," alisema Chiriku.

Akainua macho. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma lile neno tena, peke yake, kwa raha zake. Akalikunja gazeti, akaitoa sindano mkononi mwa baba, akapunguza taa. Akajibanza ubavuni mwa bibi, akavuta ncha ya shali, akalala.